Historia ya Pwani Yetu, Sehemu ya 5: Kosa la Kuwepo

Sehemu ya 4 tuliishia Kilwa Kisiwani. Mtakumbuka masimulizi ya kale ya mji ule: Ali bin Hassan anakuja kutoka Shirazi, anakikuta kisiwa kina mwenyewe, anakinunua kwa vitambaa. Wanahistoria wanabishana kama ndivyo ilivyokuwa, na wabishane tu. Mimi ninachokiona pale ni kwamba mgeni alikubaliana na mwenyeji, akakaa, wakaoleana.

Leo tuongee habari ya karatasi. Dada mmoja ameniuliza kuhusu Marekani, kule majimbo yanakotunga sheria zao za kumfanya mtu mhalifu kwa kuwepo tu bila kibali. Maarufu ni ile ya Arizona ya 2010. Kipengele kilichofanya kukosa karatasi za uhamiaji kuwa kosa la jimbo kilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2012, kwa sababu mambo ya wageni ni ya serikali ya taifa, si ya jimbo. Nikamwambia, dada yangu, jambo hili usilitafute mbali hivyo. Shuka kusini tu, mpaka Mto Ruvuma.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto ule uwe mpaka wao. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa pande zote mbili, na hakuna aliyewauliza. Sasa sikilizeni hili la Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani wakakichukua. Mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, Wareno wakakirudisha kwao, na baada ya vita ikathibitishwa kuwa ni chao. Yaani bibi aliyezaliwa pale kabla ya 1894 alibadilishiwa serikali mara mbili, na pengine siku zote hizo alikuwa shambani kwake analima muhogo.

Ng'ambo ya mto Wareno waliwafanyisha watu kazi kwa lazima. Watu wakawa wanavuka kuja huku, na mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga yalikuwa yana njaa ya vibarua. Wengine walipitiliza kaskazini, wakaenda kwenye mkonge na miwa ya Kwale, kusini ya Mombasa. Mwajiri alitaka mikono. Habari ya uraia haikumhusu, maana huo uraia wenyewe ulikuwa bado haujazaliwa.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, wakaja wakimbizi. Hapa Lindi makazi ya Rutamba yalifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1965. Tanzania iliwapokea vizuri, hilo liandikwe kwa wino mzito. Lakini mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi, na neno "udhibiti" limo kwenye jina lake. Mkimbizi aliweza kuamriwa akae kwenye makazi aliyopangiwa, na kutoka bila kibali kukawa kosa. Huku ndugu zake wa ukoo huohuo, waliovuka miaka 20 nyuma kufuata mkonge, wanatembea sokoni Lindi bila kuulizwa.

Baadaye ikaja Sheria ya Uhamiaji ya 1972, kisha ya 1995 ambayo tunayo hadi leo pamoja na marekebisho yake. Ndani yake kuingia nchini isivyo halali ni kosa, na kuwepo nchini isivyo halali ni kosa jingine linalojitegemea. Adhabu ni faini au jela, au vyote. Hili la pili ndilo gumu. La kuingia unalitenda siku moja. La kuwepo unalo ukilala, ukiamka, ukinyonyesha.

Julai 2013 Rais Kikwete akiwa Kagera aliwapa wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita. Wakaondolewa hata waliokaa kwa miongo, na zipo ndoa zilizokatwa katikati, mume huku, mke ng'ambo. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikawapa uraia watu zaidi ya 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mtanisamehe, lakini mimi naona mioyo miwili ndani ya kifua kimoja.

Turudi kwa wale wa Kwale. Kenya ilipopata uhuru 1963 hawakuhesabiwa raia. Wakazaa, wakajukuu, wote bila kitambulisho. Bila kitambulisho huna akaunti ya benki, husajili laini ya simu, na askari akikusimamisha njiani huna la kumwonyesha. Mama hana, basi na cheti cha mtoto kinakuwa shida. Sheria ya Kenya ya 2011 iliweka mlango kwa watu wasio na uraia wowote waliokuwapo tangu uhuru, ila mlango ukabaki umerudishiwa. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha. Mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na mwaka 2023 wakafuata Wapemba wanaoishi pwani ya Kenya.

Mtauliza, nesi haya yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu mwanamke mwenye hofu ya kuulizwa kwao ni wapi anachelewa kuja. Hahudhurii kliniki, presha yake haijapimwa, anafika chupa ya uzazi imepasuka tangu jana. Sisi leba hatupokei uraia, tunapokea uchungu. Jirani yako akiwa na hofu hiyo, msindikize.

Na wewe mwenyewe, ukijifungua usitoke hospitali bila tangazo la kizazi. Hakikisha jina la mtoto, la mama na la baba yameandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, kisha ufuatilie cheti cha RITA akiwa bado mchanga. Kwenye mpango wa watoto wa chini ya miaka 5 kinatolewa bure, vituo vya afya na ofisi za kata.

Sehemu ya 6 tutakwenda Kilwa Kivinje.