Nyumba Ilimkataa: Sentensi katika Riwaya na Uhakiki wa Samuel R. Delany

Kwa miaka mingi Samuel R. Delany alisimulia kifo cha baba yake kwa sentensi moja: baba alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1958, naye mwana akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Wakatokea wasomi wawili waliokuwa wakiandaa mfuatano wa maisha na kazi zake, wakamwandikia kwamba hesabu haikubali. Delany alizaliwa Harlem, New York, Aprili 1942, hivyo mwaka 1958 asingeweza kuwa na miaka kumi na saba. Isitoshe, baba hakufa mwaka huo. Alifariki mwaka 1960, mwana akiwa na miaka kumi na minane. Mwandishi mwingine angesahihisha kimyakimya na kuendelea na shughuli zake. Delany alilichukua kosa hilo akaliweka mlangoni mwa tawasifu yake, The Motion of Light in Water (1988), kisha akakiri kwamba ile sentensi mbovu bado humkaa moyoni vizuri kuliko iliyonyooshwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatibua mgawanyo uliozoeleka. Wanaoandika juu ya Delany hupenda kumkata vipande viwili: kijana wa miaka ya 1960 aliyetoa bunilizi za kisayansi mfululizo, na mhakiki wa baadaye aliyezama katika nadharia za Wafaransa hadi wasomaji wake wa zamani wakamkimbia. Kwa maoni yangu huyo ni mtu mmoja aliyefanya kazi moja. Tangu mwanzo alishughulika na swali la jinsi sentensi inavyoizaa dunia inayodai kuieleza tu. Riwaya zake huliuliza swali hilo kwa vitendo, na insha zake hulieleza. Na msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kulipima jibu, ambayo pengine Delany mwenyewe hakuifikiria.

Wasifu wake wa nje hauhitaji maneno mengi. Babu yake, Henry Beard Delany, alizaliwa utumwani akafikia kuwa askofu wa Kanisa la Episkopo. Baba aliendesha biashara ya mazishi Harlem, familia ikiishi ghorofani juu yake. Riwaya ya kwanza, The Jewels of Aptor, ilitoka mwaka 1962 mwandishi akiwa na miaka ishirini, na kufikia 1968 alikuwa na riwaya tisa, nyingine fupi sana. Babel-17 na The Einstein Intersection zilimpatia tuzo ya Nebula kwa miaka miwili mfululizo. Chuo alikiacha bila shahada. Hata hivyo mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst kilimwajiri kuwa profesa wa fasihi linganishi, na alistaafu mwaka 2015 akiwa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia.

Insha iliyomtambulisha kama mhakiki aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye aliiingiza katika The Jewel-Hinged Jaw (1977). Hoja yake ni kwamba hakuna maudhui yanayokaa peke yake kando ya mtindo, yakisubiri kuvishwa maneno. Msomaji hulipokea neno la kwanza, akapata taswira. Neno la pili likaisahihisha taswira hiyo, la tatu likaisahihisha tena. Kinachotofautisha bunilizi za kisayansi na riwaya ya uhalisia, kwa mujibu wake, ni kiwango cha uwezekano ambacho msomaji anaruhusu wakati masahihisho hayo yanaendelea. Roketi na sayari si kigezo.

Tujaribu kwa mfano wetu wenyewe: “Nyumba ilimkataa.” Katika riwaya ya uhalisia hii ni tamathali, mtu alihamia mahali, akakosa raha, akaondoka. Katika bunilizi ya kisayansi nyumba ina akili: imemtazama, haikumtambua, mlango umegoma kufunguka. Kwa Delany habari ingeishia hapo, na usomaji ungekuwa wa aina mbili. Lakini mkazi wa Pemba au Lamu ana usomaji wa tatu, ambao si tamathali wala teknolojia. Nyumba ina wenyewe wasioonekana, na mpangaji hakuwaomba ruhusa. Usomaji huo ni wa moja kwa moja kama ule wa kisayansi, ila haungojei mashine yoyote ivumbuliwe. Nadharia ya Delany haivunjiki kwa mfano huu, lakini inadai kupanuliwa: viwango vya uwezekano ni vingi kuliko alivyovihesabu akiwa New York.

Kuna jambo jingine dogo zaidi. Delany huhesabu neno kwa neno. Kwetu masahihisho huanza ndani ya neno lenyewe. “Kilipogeuka kikanitazama…” Nomino haijatajwa bado, lakini tayari msomaji ana ki- mkononi. Ni kiumbe? Chombo? Kitoto kinachodekezwa? Kijitu kinachobezwa? Mwandishi wa bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili anaweza kumweka msomaji katika shaka hiyo kwa ukurasa mzima kwa silabi moja tu. Delany, ambaye hupima uzito wa kila neno kama sonara, angeifurahia silabi hiyo.

Babel-17 (1966) ni insha ile ya mtindo kabla haijaandikwa. Mshairi Rydra Wong anachunguza lugha ya adui ambayo inakifanya kila kitu kieleweke kwa kukitaja tu, ila haina “mimi” wala “wewe.” Katika safari yake anakutana na mwanamume anayeitwa the Butcher, asiyejua kujitaja. Anapotaka kusema juu yake mwenyewe hupiga kifua kwa ngumi. Rydra anapomfundisha viwakilishi hivyo, mwanafunzi anavishika kinyume: “mimi” anaona ni jina la Rydra, kwa kuwa ndivyo Rydra anavyojiita, na “wewe” ni jina lake. Sehemu hii ni bora kuliko vita vyote vya angani vilivyomo kitabuni. Mfasiri wa Kiswahili ataona mara moja kwamba kwake mzigo ni mzito zaidi. Kwa Kiingereza inatosha kuliondoa neno moja, na mtu akabaki na kifua chake. Kwa Kiswahili “mimi” ni pambo tu. Nafsi imejificha ndani ya kitenzi. Ukiondoa ni- na na- katika “ninataka kula,” kinachobaki ni “taka kula,” yaani amri. Mtu asiye na nafsi atasikika kama bwana anayeamrisha chombo kizima.

Mwaka 1968 ilitoka Nova. Nahodha wake, Lorq Von Ray, ana mama Msenegali na baba Mnorwei. Delany ameeleza kwamba mhariri John W. Campbell alikataa kuichapa kwa mfululizo katika jarida la Analog, akidai kwamba wasomaji wake hawangeweza kujiona katika mhusika mkuu mweusi. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa ubaguzi, nao ni ushahidi kweli. Mimi naona pia kwamba kinathibitisha nadharia ya Delany. Delany aliwahi kuandika jinsi alivyosoma Starship Troopers ya Robert Heinlein na kutambua, baada ya kurasa nyingi, kwamba shujaa hakuwa mzungu. Mahali palipoachwa wazi na sentensi, mazoea yalikuwa yamekwisha kupajaza rangi. Campbell aliweza kukubali meli inayozama ndani ya nyota inayolipuka. Rangi ya nahodha ndiyo iliyomshinda.

Dhalgren (1975), yenye kurasa zaidi ya mia nane na mji ulioharibika uitwao Bellona, iliuzwa kwa wingi wa kushangaza kwa kitabu kigumu namna ile. Sentensi yake ya mwisho imekatika, na kipande chake cha pili ndicho kinachofungua kitabu. Sitakaa hapo. The American Shore (1978) ndicho kitabu kinachohitaji uvumilivu: anaichukua hadithi fupi moja ya Thomas Disch, anaikata vipande 287, na kukichambua kila kimoja. Nakiri nilichoka. Kuna kurasa ambazo mhakiki anafurahia kisu chake kuliko nyama. Mfululizo wa Nevèrÿon, ulioanza mwaka 1979, una dawa ya uchovu huo: mtumwa aliyekombolewa, Gorgik, anavaa kola ya chuma kwa hiari anapopigania wenzake, na huku viambatisho vya kitaaluma vimeandikwa na wataalamu waliobuniwa. Humo mhakiki mwenyewe amegeuka mhusika.

Stars in My Pocket Like Grains of Sand (1984) ndiyo inayotugusa zaidi. Katika jamii anayoieleza Marq Dyeth, kila mwenye akili, awe binadamu au la, mwanamume au la, huitwa “mwanamke,” na kiwakilishi chake ni cha kike. Kiwakilishi cha kiume kimewekewa kazi moja tu: humtaja yule ambaye msemaji anamtamani. Msomaji wa Kiingereza hujikwaa kila mstari, na kujikwaa huko ndiko riwaya yenyewe. Kwa Kiswahili hakuna pa kujikwaa. “Yeye” ni wa wote, na a- haiulizi jinsia. Mfasiri atakayefuata maneno atampa msomaji wetu amani ambayo Delany aliitafuta kwa jasho, na kwa amani hiyo kitabu kitakuwa kimekufa.

Lakini lugha yetu ina mlango mwingine. Katika mapenzi ya pwani mpenzi huhama ngeli. Anakuwa ua, na ua limechanua. Anakuwa chombo, na chombo kimetia nanga. Tamaa inamtoa katika a- na kumtia katika li- au ki-, wala hakuna anayedhani ametukanwa. Mfasiri angeweza kumwacha kila mtu wa riwaya hiyo katika ngeli ya kawaida, kisha, siku Marq anapomwona Rat Korga kwa mara ya kwanza, akabadilisha upatanisho katikati ya sentensi bila kutoa maelezo: aliingia, akasimama, likanitazama.