Rangi ya gari: Kukauka si kuiva

WENYE magari wengi jijini Dar es Salaam wamekwishayaona haya. Gari linatoka gereji likimeremeta, mwenyewe analipa na kuondoka akiwa ameridhika. Miezi michache baadaye, mvua za masika zikishapita, malengelenge madogo yanajitokeza kwenye kingo za madigadi, rangi inabanduka kama gamba na chini yake kutu imekwishatanda.

Lawama hutupiwa rangi yenyewe kwamba ni bandia au ya bei nafuu. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi rangi ilikuwa nzuri, ila ilipulizwa juu ya bati lisilo safi, au ilikauka bila kuiva. Anayeijua tofauti ya kukauka na kuiva hatalipia kazi ile ile mara mbili.

Tofauti yenyewe

Rangi hukauka pale thina inaporuka hewani na kuacha utando usionata mkononi. Kuiva ni jambo jingine. Rangi huiva pale chembe zake zinapoungana kikemikali na kuwa wavu mmoja mgumu, usioyeyushwa tena na thina wala petroli.

Kwa kigezo hicho, rangi zitumikazo gereji zimegawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni rangi ya NC. Hii hukauka kwa dakika chache, lakini haiivi kamwe. Hata baada ya miaka kumi, kitambaa chenye thina kitaiondoa. Ilipoingia katika viwanda vya magari vya Marekani katika miaka ya 1920 ilisifiwa kwa wepesi wake wa kukauka, maana kabla yake kulipaka gari moja rangi kulichukua wiki kadhaa.

Kundi la pili ni rangi za mafuta, yaani alkidi. Hizi huiva kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, kuanzia juu kwenda chini. Huweza kushikwa baada ya saa kadhaa, lakini kuiva hadi ndani huchukua siku nyingi, na zikipakwa nene huchukua wiki. Fundi akimwaga tabaka nene ili amalize upesi, juu hufanya ngozi na ndani hubaki teketeke.

Kundi la tatu ni rangi za vitu viwili, zikiwamo epoksi na ile ambayo mafundi huiita 2K. Hizi huiva kwa kuchanganywa na kigumishi, au hadna kama kinavyojulikana gereji. Ndizo zinazostahimili zaidi petroli na mikwaruzo, mradi zichanganywe kwa kipimo.

Usione vyaelea

Rangi ya kiwandani hudumu miaka mingi ilhali unene wake wote kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150 tu, yaani kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Siri yake haimo katika unene. Bodi huoshwa, hupitishwa katika dawa ya fosfati inayolipa bati meno ya kushikia rangi, kisha huzamishwa katika bwawa la praima inayovutwa na umeme hadi kwenye pembe zisizofikika. Baada ya hapo huokwa katika joto la nyuzi 160 hadi 180 hivi za Selsiasi.

Gereji haiwezi kufanya hivyo, kwani gari lililokwishaunganishwa lina mipira, plastiki na nyaya zisizovumilia joto la namna hiyo. Ndiyo maana hadna ikawapo: kemia hufanya kazi ambayo kiwandani hufanywa na moto.

Bati kwanza

Nusu ya uimara wa rangi huamuliwa kabla kopo halijafunguliwa. Kwa magari ya mwambao, kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, kabla ya kushika msasa. Anayepiga msasa juu ya chumvi na grisi huzididimiza katika mikwaruzo. Chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta maji kupitia utando, na hayo ndiyo malengelenge tunayoyaona baada ya masika.

Kutu yote iondolewe hadi bati ling'ae. Ikitumika dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, mabaki yake yaoshwe kama kopo linavyoelekeza, kwa kuwa asidi iliyobaki huweza kuizuia epoksi kuiva. Aidha, polishi zenye silikoni ni adui mkubwa. Tone lisiloonekana hutosha kuifanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya mviringo.

Kipimo cha usafi ni rahisi. Mwagia maji bati lililoandaliwa. Yakitandaa yote kama karatasi, bati ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, bado lina mafuta. Likikauka, lipakwe praima siku hiyo hiyo, kwani hewa ya pwani huanza kulishika bati tupu kutu kwa muda mfupi sana.

Ikumbukwe pia kuwa si kila chuma ni kimoja. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya bati la zinki hugeuka sabuni taratibu pale inapogusana na zinki, kisha hubanduka vipande vipande. Zinki na alumini huhitaji praima iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kipimo, joto na unyevu

Kuna rangi zinazochanganywa sehemu mbili kwa moja ya hadna, na nyingine nne kwa moja. Uwiano huo haukadiriwi kwa jicho. Hadna ikipungua, utando hautaiva. Ikizidi, hautaiva upesi zaidi bali utaharibika. Vilevile kopo la hadna lililoachwa wazi hufyonza unyevu wa hewani. Likionekana na ukungu au chembechembe, litupwe.

Tabaka ziwe nyembamba, na kati ya moja na nyingine thina ipewe muda wa kuruka. Thina iliyofungiwa chini huja kutoka baadaye kwa kutoboa vitundu au kukunja rangi.

Joto nalo lina sheria yake. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya kazi ya kikemikali iende kasi takriban mara mbili. Rangi nyingi za 2K zikiwekwa katika oveni ya gereji yenye nyuzi 60 huweza kushikwa baada ya nusu saa hivi, ilhali katika nyuzi 20 huhitaji usiku kucha, na ukomavu kamili hufika baada ya wiki moja hivi. Muda huhesabiwa tangu bati lenyewe lilipopata joto, si tangu oveni ilipowashwa. Fundi wa Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, hana budi kusubiri zaidi kuliko mwenzake wa Dar es Salaam.

Lakini Dar es Salaam ina adui wake, unyevu. Bati lililolala nje huwa baridi kuliko hewa alfajiri, nao umande hulishika. Kanuni ya mafundi ni kwamba bati liwe na joto la walau nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho umande huanza kutonya. Anayepuliza rangi alfajiri, au jioni na kuiacha nje ikanyeshewa umande, ataipata imefifia. Maji ya ndani ya kompresa nayo yatolewe kila siku, kwani hupitia katika bomba na kuingia kwenye rangi.

Rimu, injini na bomba la moshi

Rimu za magurudumu huhitaji uangalifu wa pekee. Mahali nati zinapokalia, na uso unaogusana na habu, pasipakwe rangi nene. Rangi, hasa isiyoiva, hubonyea ikikazwa, nati hulegea taratibu, na gurudumu huweza kuchomoka gari likiwa barabarani. Baada ya kazi yoyote ya rimu, nati zikaguliwe tena baada ya kilometa chache.

Rangi ya unga, ambayo huokwa katika nyuzi 180 hadi 200 hivi, ni ngumu na hufaa rimu na chesisi. Hata hivyo, rimu za alumini zisipitishwe joto hilo, kwani nguvu ya madini yake hupungua.

Kwa bomba la moshi, rangi ya kawaida itaungua. Zipo rangi za silikoni zinazostahimili nyuzi 600 hivi, lakini nazo haziivi kwa hewa. Ni lazima zipashwe moto kwa hatua, kwa mujibu wa maelekezo ya kopo. Asiyefanya hivyo ataiona ikikwanguka kwa kucha. Karibu na breki, tumia 2K au epoksi iliyoiva, na mafuta ya breki yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji, kwani hula rangi.

Jinsi ya kupima

Kabla ya kulipa, bonyeza kwa ukucha mahali palipojificha. Alama ikibaki, rangi bado. Inuse: ikitoa harufu kali ya thina, bado inapumua. Kwa 2K, sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye thina. Kitambaa kikichukua rangi, ama haijaiva, ama uliyouziwa ni NC. Ikiwa ina kliya juu, kliya hiyo isilainike wala kunata. Usipake polishi ya nta kwa wiki kadhaa, na usioshe kwa mashine ya maji yenye nguvu katika siku za mwanzo.

Afya ya fundi

Hadna ya 2K ina aisosayaneti, kemikali ambayo mvuke na ukungu wake husababisha pumu ya kazini. Aliyekwishaathirika huweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo mno. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi havizuii lolote. Kinachoshauriwa ni kofia ya kupulizia inayoletewa hewa safi kwa bomba, pamoja na glavu na miwani. Rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo zipigwe msasa wa maji ili vumbi lisiruke.

Mteja naye ana sehemu yake. Anayedai gari jioni ya siku ile ile humlazimisha fundi kuruka hatua. Kabla ya kukubaliana bei, uliza ni rangi ya kundi gani, chini yake itawekwa praima ipi, na gari litakaa siku ngapi. Fundi asiye na jibu la swali la mwisho anakuuzia rangi iliyokauka tu.