Kiharusi Fiche

Arua Hill na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kiharusi hutambulika kwa macho: mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito. Kipo kingine kisichoonyesha lolote kati ya hayo. Sehemu ndogo ya ubongo hukosa damu ikafa, huku mwenyewe akila, akitembea na kuongea kama jana. Mara nyingi huitwa kiharusi kimya.

Wakati mwingine huletwa na tiba yenyewe. Ateri ya shingo ikizibwa na mafuta, daktari huweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja na kuitanua kwa stenti, kibomba cha wavu wa chuma. Mrija ukipita, chembe za mafuta au damu iliyoganda huweza kumeguka na kupanda ubongoni. Mwaka 2010, jaribio la kimataifa la ICSS lilitoa matokeo ya picha za MRI za ubongo zilizopigwa kabla na baada ya tiba. Mabaka mapya ya sehemu zilizokosa damu yalionekana kwa wagonjwa 62 kati ya 124 waliowekewa stenti, na kwa 18 kati ya 107 waliopasuliwa shingo ili ateri isafishwe.

Je, akili huathirika? Si lazima, wala si papo hapo. Wagonjwa wa jaribio hilo waliopimwa akili baada ya miezi 6 hawakuonyesha tofauti kubwa kati ya tiba hizo mbili.

Wasiwasi uko mbele zaidi. Utafiti wa Rotterdam uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wazee 1,015 wa kawaida. Waliokuwa na viharusi vya aina hii walikabiliwa na hatari maradufu ya kupata demenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili. Kinachopungua ni kasi ya kufikiri, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Mfanyabiashara wa Koboko anayebadilisha shilingi za Uganda, pauni za Sudan Kusini na faranga za Kongo angeyumba hapo kwanza, nao jamaa wakasema ni uzee tu.

Ndiyo maana "kimya" halitoshi: linamwambia mgonjwa kwamba hakuna neno. Watafiti wa NeuroVISION, waliochapisha mwaka 2019 uchunguzi wa wagonjwa 1,114 baada ya upasuaji usio wa moyo, walichagua neno lenye maana ya kufichika. Kiswahili kinalo tayari: kiharusi fiche. Kilichofichika hutafutwa. "Kidonda cha ubongo" nacho hakifai, kwani msikilizaji atafikiria usaha na bendeji.

Stenti za moyo huwekwa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, safari ya karibu kilomita 500 kutoka Arua. Mrija wa moyoni nao huweza kurusha chembe ubongoni. Anayekwenda huko aombe apimwe uwezo wa kufikiri kabla ya tiba, na akirudi apimwe tena. Presha nayo isiachwe bila kupimwa.