Freti na Hesabu ya Sauti

Mpiga gitaa alinganishaye nyuzi zake kwa uangalifu, kisha akaona mshikano mmoja wa vidole watoa sauti tamu na mwingine watoa sauti chachu, aghalabu hulaumu sikio lake au fundi aliyeunda chombo. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Ila imo katika hesabu yenyewe ya sauti.

Tangu zama za Wayunani yajulikana kwamba uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ile ile kwa juu, yaani oktava. Na ukiachwa theluthi mbili hutoa sauti ya tano. Lakini mtu akipanda kwa hatua za tano mara 12, hafiki pale zifikapo oktava 7. Hupita kwa kadiri ya robo ya nusu-toni. Haba na haba hujaza kibaba, na ziada hiyo haina budi kutiwa mahali.

Udi hauna taabu hii, kwani shingo yake ni tupu, na kidole hujitafutia mahali. Watu wa Ulaya walioupokea udi kwa Waarabu na kuugeuza luti, waliifunga shingo yake freti za utumbo wa mnyama, nazo ziliweza kusogezwa kidogo huku na huku.

Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Florence na baba yake Galileo, alichapisha kitabu alimotoa kanuni nyepesi: kila freti ipunguze sehemu moja katika 18 za uzi uliosalia. Tukiijaribu kanuni hiyo katika uzi wa milimita 650, freti ya 12 yaacha milimita 327 na zaidi, badala ya 325. Basi sauti yapaswa kuwa chini. Hata hivyo uzi ukandamizwapo hukazika, na sauti yake hupanda. Dawa ya moto ni moto: upungufu wa hesabu ulifidiwa na kidole.

Katika karne hiyo hiyo Zhu Zaiyu wa China alikokotoa uwiano ugawao oktava katika hatua 12 zilizo sawa kabisa. Gitaa la leo, lenye freti za chuma zisizosogea, lafuata mgawanyo huo. Ziada imegawiwa sauti zote: ya tano imepungua kidogo mno, bali ya tatu kubwa imezidi kwa sehemu 14 katika 100 za nusu-toni. Ndiyo maana asafishaye mshikano mmoja kwa sikio huharibu mwingine. Nao mafundi wa magitaa ya nyuzi za chuma huulaza upande mfupa ubebao nyuzi, ili nyuzi nene ziwe ndefu zaidi.

Kwa suluhu hiyo gitaa limepata uhuru wa kuhama kutoka ufunguo hata ufunguo, likapoteza usafi. Basi asikiaye taarabu ya Unguja, ambamo udi huimba sauti za makamu zilizo baina ya freti mbili, asiseme kwamba mpigaji amekosea. Anayepima udi kwa gitaa apima kwa kipimo ambacho chenyewe ni mapatano.