Kariakoo

Kariakoo ni kata ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, magharibi ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Katika mazungumzo ya kila siku jina hilo huvuka mipaka ya kata na kumeza mitaa yote ya biashara inayolizunguka soko.

Jina ni la vita, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na hapa wakaweka kambi ya wapagazi wao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ililifanya jina hilo Kariakoo. Nairobi jina hilohilo likawa Kariokor. Wapagazi walibeba chakula na risasi kupita misitu isiyopitika kwa gari, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, iliyo katikati ya jiji, inawataja katika maandishi yake, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Kumbukumbu yao kubwa zaidi, basi, ni jina hili, ambalo wengi hulitaja wakiwaza bei ya vitenge.

Baada ya vita serikali ya kikoloni iliifanya Kariakoo makazi ya Waafrika, Mnazi Mmoja ikiwatenga na Uhindini. Zilijengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, kila chumba na mpangaji wake. Chama cha TANU kilizaliwa jirani, Mtaa wa Lumumba wa leo, tarehe 7 Julai 1954. Klabu ya soka ya Simba ina makao yake Mtaa wa Msimbazi. Watani wao Yanga wako Jangwani, hatua chache tu.

Soko la sasa lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuteremsha maji. Chini ya ardhi kuna orofa iitwayo Shimoni. Soko liliungua Julai 2021.

Nyumba za Kiswahili zimebomolewa karibu zote kupisha maghorofa, kwa kuwa fremu moja ya duka hulipa kuliko wapangaji wa nyumba nzima. Wanunuzi hutoka hadi Zambia na Kongo. Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.