Base ya Kamina: kuchanganya askari ni kazi moja, kuwalipa ni ingine
Tangu serikali ya mpito ya 2003, Base ya Kamina, mule Haut-Lomami, ilikuwa moja ya vituo vya «brassage». Mpango ulikuwa hivi: Mai-Mai, RCD, MLC na askari wa serikali wachanganywe katika brigade moja, mbali na wakubwa wao wa zamani. Wazo la muzuri. Lakini mushahara ulipita mikononi mwa makamanda, na makuta mengi yalipotelea njiani. Askari mwenye watoto wana njaa, atamusikiliza nani? Ndiyo maana EUSEC, ujumbe wa Ulaya uliofika 2005, ulisaidia kutenga njia ya malipo na njia ya amri. Kivu ya Kaskazini, 2007, «mixage» iliwaacha watu wa Nkunda palepale, karibu na wakubwa wao. Haikumaliza mwaka.