Gurnah na riwaya za jamaa zilizotengana

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alihamia Uingereza baada ya misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964.

Riwaya zake husimulia jamaa zilizotengana. Katika Paradise (1994), iliyoingia fainali ya tuzo ya Booker, kijana Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara kufidia deni la baba yake. Katika Gravel Heart (2017), baba anaihama nyumba bila mwanawe kuelezwa sababu.

Wahakiki walimsifu, lakini wasomaji wake hawakuwa wengi hadi alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nchini Tanzania ukazuka mjadala: je, ni mwenzetu?

Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022. Msiba wa Yusuf ukasomeka kwa Kiswahili, miaka 28 baadaye.